Kusoma riwaya kunamjenga mtu, au kunampotezea wakati?

Mwalimu wa Kiswahili, Wete

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa kike, nasomesha Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa wilaya ya Wete, Pemba, na mwaka huu natimiza miaka kumi na moja katika kazi hii. Naandika kwa sababu wiki mbili zilizopita alinijia mzazi mmoja kunilalamikia, kwa adabu kamili, kwamba bintiye ameharibiwa na hadithi. Alisema kwamba mtoto akifua, kitabu kiko juu ya ukingo wa kisima. Akipika, mchuzi unakauka yeye macho yako kwenye kurasa. Na akiitwa, haitiki mpaka mara ya tatu. Baba yule alinieleza kwamba hana ugomvi na vitabu vya masomo, maana hivyo mtoto ataulizwa katika mtihani, lakini hadithi za watu ambao hawakuzaliwa haoni zitamfaa nini msichana ambaye kesho anatakiwa aendeshe nyumba yake.

Nilimjibu kama walimu tunavyozoea kujibu, kwamba riwaya zinaongeza msamiati, zinasaidia katika insha, na matokeo ya Kiswahili yatakuwa mazuri. Aliridhika, akaniaga, akaenda zake. Asiyeridhika nilikuwa mimi, kwa sababu nilijua kwamba sababu nilizompa si zile zinazonifanya mimi mwenyewe nisome. Sikuwahi hata siku moja kufungua riwaya ili nitafute msamiati.

Riwaya ninayoipenda kuliko zote ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa msichana wa shamba, na Wahindi niliowajua ni wale wa madukani niliotumwa kwao kununua mafuta ya taa na sukari. Sikuwa na chuki nao, ila sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nyuma ya duka kuna chumba, na ndani ya chumba kuna msichana wa umri wangu anayelia. Kitabu kile kilinipeleka kwa Yasmin, aliyeozwa mtoto kwa mtu mzima mwenye umri wa baba yake, akakimbia, jamaa zake wakamkataa, na aliyempokea akawa Mwajuma, mwanamke asiye na mali wala nasaba ya kumfaa. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini, nikabaki naangalia dari. Tangu siku ile sikuweza tena kusimama mbele ya kaunta ya duka nikamwona mwenye duka kuwa ni sehemu ya duka lake.

Hilo ndilo nililotakiwa kumwambia yule baba, lakini sikujua namna ya kulisema likaeleweka kwa mtu anayetaka kujua binti yake atapata faida gani. Kwa hiyo nawauliza: ni riwaya ipi mliyoipenda, na ilifanya nini hasa katika maisha yenu? Tafadhali msinijibu kwamba kitabu ni hazina au kwamba elimu haina mwisho, kwa sababu hayo tumeyaandika katika kuta za madarasa yote na watoto wanapita bila ya kuyatazama. Nielezeni jambo lililotokea.

Karani mstaafu, Mtambwe

Waalaykum salaam, mwanangu. Nilikuwa karani wa mahkama kwa miaka thelathini na moja, kwanza hapo Wete na baadaye Chake Chake, na sasa nimerudi Mtambwe kwenye mikarafuu yangu michache. Nitakujibu kwa kirefu, kwa hiyo unistahamilie.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana wa darasa la saba, na mwaka huo karafuu zilizaa sana. Wewe ni mtu wa Pemba, unajua mambo yanavyokwenda msimu unapokuwa mkubwa: mchana watu wanachuma, na usiku nyumba nzima, na majirani, inakaa juu ya majamvi kuchambua, kutenga karafuu na makonyo yake, kwa sababu zikirundikwa zikalala zinavukuta, zinageuka rangi, na bei inaporomoka. Kazi ile haitaki akili ila inataka watu wasisinzie, na kilichokuwa kikituweka macho ni hadithi za bibi yangu. Akisema "Paukwa", nyumba nzima inaitika "Pakawa", na vidole vinaendelea.

Mwaka ule mjomba wangu alirudi kutoka Unguja na kitabu kisichokuwa na jalada. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile kilichoshinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya hamsini na kikachapishwa mwaka 1960. Bibi alikuwa amepata kikohozi, sauti imemkauka, basi mjomba akasema kijana asome. Nikasamehewa kuchambua, nikawekwa karibu na karabai, nikasoma. Walikuwepo wazee wangu, dada zangu, majirani, na wachumaji wawili waliovuka kutoka Unguja kuja kuchuma. Mmoja wao alikuwa mtu wa Makunduchi, na alipojua jina la mwandishi alikaa sawa, akasema kwamba huyo ni mtu wa kwao, na tangu hapo akawa anawanyamazisha wengine kama kwamba kitabu ni chake.

Hadithi yenyewe ni ya mauaji, na maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa tangu zamani. Bibi alishika moja kwa moja kwamba aliyeua ni mzimu wenyewe na hapana haja ya kuendelea kusoma. Lakini ndani ya kitabu yumo mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake, pamoja na sahibu yake Najum, na Bwana Msa hakubali jambo kwa sababu tu watu wote wanalisema. Anauliza vitu vidogo, ambavyo kila mtu anadhani havina maana. Usiku wa nne nikafika pahali nikafungua ukurasa, na ukurasa wa pili yake haupo. Majani ya mwisho yalikuwa yamechanika, na mjomba akaapa kwamba hata yeye alikipata vile vile.

Kelele iliyozuka usiku ule siwezi kuieleza. Kila mtu alikuwa na muuaji wake. Marehemu baba, ambaye hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani, ndiye aliyeweka sharti: hapana mtu kumtaja mtuhumiwa bila ya kuonyesha neno lililomo kitabuni. Basi kila mmoja akawa ananiambia, "Soma tena pale." Nasoma tena. Mwengine anasema, "Hapana, hakusema hivyo, soma tena pale kabla yake." Tukaendelea hivyo mpaka karafuu zikesha, na nadhani kitabu kile nilikisoma mara sita au saba, vipande vipande. Bibi naye, kwa taratibu, akauacha mzimu wake, akamshika mtu, na sababu alizotoa zilikuwa nzito kuliko za mjomba aliyesoma.

Mwisho wa hadithi niliupata miaka minne baadaye, Unguja, katika nyumba ya rafiki yangu, na niliusoma nimesimama. Aliyepatia alikuwa mama, ambaye usiku wote ule alisema maneno machache kuliko mtu yeyote. Niliporudi nikamwambia. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuacha. Akasema, "Nilisikia alivyojibu," akaendelea na ungo wake.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Kazi ya karani wa mahkama ni kuandika yanayosemwa, na makarani wengi wanaandika muhtasari, kwa sababu mkono unachoka na shahidi anazungukazunguka. Mimi sikuweza. Nilikuwa naandika hata pale shahidi aliponyamaza, na pale alipoulizwa jambo moja akajibu jengine. Wenzangu walikuwa wakiniona mzito. Lakini mara nyingi hakimu, kabla ya kutoa hukumu, alikuwa akinitazama na kusema maneno yale yale ya majamvini, "Hebu soma tena pale," na pale palikuwepo. Sisemi kwamba nilitenda haki, maana karani hahukumu. Nasema kwamba mtu ambaye kijiji kizima kimeshamhukumu, katika daftari langu alikuwa bado hajahukumiwa.

Ushauri wangu ni mmoja. Yule binti asome kwa sauti. Mwambie baba yake amwache asome wakati wengine wanafanya kazi, kisha akae asikilize siku tatu tu.

Mkunga, Unguja Mjini

Shikamoo, mzee wangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na habari ya mama na ungo wake sitaisahau. Hata hivyo, naomba kutofautiana nawe kwa heshima katika jambo moja, nalo ni kule kusoma kwa sauti. Kuna kurasa ambazo msichana hawezi kuzisoma mbele ya baba yake, na pengine hizo ndizo anazozihitaji kuliko nyengine.

Mimi nilisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed nikiwa dakhalia, yaani bweni la skuli, chini ya shuka, kwa tochi ambayo betri zake nilikuwa nikizianika juani ili ziongeze siku mbili. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1980, kinamhusu Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani na babake, Bwana Maksuudi, mtu mwenye cheo na heshima mbele za watu, na mambo mengine kabisa nyuma ya mlango. Maimuna anatoroka, anaingia katika maisha ya ulevi na ya kuuza mwili, na mimi katika umri ule nilimlaumu yeye. Nilimwona mjinga. Nilijiambia kwamba ningekuwa mimi, ningevumilia.

Baadaye nikasomea ukunga, nikapangiwa kazi, na miaka ikapita. Siku moja nilikiona kitabu kile kwa mdogo wangu, nikakichukua nikisubiri zamu. Safari hii niliyekaa naye hakuwa Maimuna, alikuwa mama yake, Bi Tamima, ambaye mara ya kwanza nilimpita kama mtu anayepita mlango uliofungwa. Kuna pahali Bi Tamima anashikwa na uchungu, mume hayupo, na anaitwa mkunga, Bi Farashuu, ambaye bwana mwenye nyumba hataki hata kumsikia. Kwa hiyo mwanamke yule yuko katika uchungu, na papo hapo anaogopa mtu atakayeingia akamkuta aliyekuja kumwokoa. Nilizalisha wanawake wengi kabla ya siku ile, lakini sikuwa nimewahi kuufikiria woga wa namna hiyo, wala kwamba unaweza kuwepo chumbani pamoja nami na nisiuone.

Nitakueleza kilichobadilika, Bi Mwalimu, na ni kitu kidogo sana. Mwanamke akiletwa amechelewa, sisi wakunga tuna swali letu, na wote tunalijua: "Kwa nini mmechelewa?" Tunaliuliza kwa ukali, kwa sababu tumechoka na tunaogopa, na jibu lake huwa ni kimya. Kuna usiku aliletwa mtoto wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, amefuatana na mama mkwe, damu imeshamtoka nyingi. Swali lile lilikuwa mdomoni mwangu, lakini lililotoka ni jengine. Nilimuuliza, "Nyumbani alikuwepo nani?" Mama mkwe akajibu kwa haraka kwamba walikuwepo watu wote. Yule binti akanishika mkono, akatikisa kichwa. Kwa ishara ile nilijua kwamba alikaa peke yake kwa saa nyingi kuliko tulivyoambiwa, na tukamhudumia kwa hesabu ile. Alhamdulillah, walitoka wazima yeye na mwanawe.

Sitaki kuzidisha. Kilichomwokoa ni dawa, damu iliyopatikana, na daktari aliyekuja mbio. Swali langu lilikuwa sehemu ndogo. Ila najua lilitoka wapi.

Mwanafunzi wa chuo, Tunguu

Nachangia kwa ufupi kwa wale watakaouliza vitabu vyenyewe vinapatikana wapi, maana vingi kati ya hivi vilivyotajwa ni vya zamani na madukani ni nadra. Maktaba Kuu pale Maisara ipo, na Chake Chake ipo maktaba pia. Mtu asione haya kuingia na kuulizia. Kwa upande wangu naomba pia wanawake wanaoandika sasa wasisahauliwe. Mungu Hakopeshwa ya Zainab Alwi Baharoon niliisoma mwaka jana, na nilifurahi kukutana na riwaya ya mwandishi wa kike wa hapa kwetu, kwa sababu orodha tuliyopewa skuli ilikuwa ya wanaume tangu juu mpaka chini.

Seremala, Ng'ambo

Assalamu alaykum nyote. Nimefuatilia mazungumzo haya tangu mwanzo, na nina dukuduku ambalo nalisema kwa nia njema. Mimi ni msomaji, sipitishi siku bila ya kitabu, lakini sikubaliani na kauli kwamba kusoma riwaya kunamfanya mtu kuwa mwema. Fundi aliyenifundisha useremala alikuwa na kabati zima la vitabu, na akikuhadithia habari za wanyonge walioonewa unaweza kulia, ila sisi wanafunzi wake tulikuwa tukikaa miezi bila ya malipo, na mwenzetu alipokatwa kidole na msumeno alimrudisha kwao kwa miguu. Kwa upande mwengine, nyanya yangu hakujua hata herufi moja, na watu walikuwa wakitoka mitaa ya mbali kuja kumtaka shauri. Kwa hiyo, Bi Mwalimu, ukimwahidi yule baba kwamba riwaya zitampa binti yake tabia njema, naogopa kwamba unamwahidi kitu ambacho hakimo katika uwezo wako, wala wa kitabu.

Nikishayasema hayo, nami nitaeleza langu, kwa sababu umetaka jambo lililotokea.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa hamali bandarini Malindi tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomkatalia. Alikuwa mtu mkimya. Tulijua kwamba alibeba magunia, na tulijua kwamba asubuhi hawezi kusimama mpaka apakwe mafuta na kukandwa. Zaidi ya hapo hatukujua kitu, na tukimuuliza alikuwa akisema, "Kazi ni kazi." Nilipokuwa skuli tulipewa kusoma Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, ambayo inamhusu Rashidi, mtoto wa kuli ambaye naye anaingia bandarini, mpaka inafikia mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Nilikuwa nikisoma barazani, yeye amekaa na tasbihi yake, na kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, siku moja akaniuliza nasoma nini. Nikamsomea sehemu ya watu wanaopakua mizigo.

Akasema, "Simama." Nikasimama. Akaniambia niinamishe kichwa, akanishika shingo kwa mkono wake, akanionyesha gunia linavyokaa, kwamba linakaa hapa, kwenye mfupa huu, na si pale mtu asiyejua anapodhani, na kwamba ukilikosea mara moja tu, siku ya pili huji. Mkono wake ulikuwa mgumu kama ubao wa mvule. Nilisikia uzito wa gunia lile ijapokuwa halikuwepo.

Tangu siku ile nikawa namsomea kila alasiri. Akawa anakisahihisha kitabu. Akinambia kwamba hili lilikuwa hivi, na hili halikuwa hivi, na hapa mwandishi amesema kweli tupu. Tulipofika kwenye mgomo akanitaka nisome polepole. Kisha akaanza kusema mwenyewe, na akasema kwa siku kadhaa: kwamba naye alikuwemo, kwamba walikula muhogo mkavu, kwamba baba yake mzazi alimkasirikia kwa kuacha kazi na hawakusemezana mpaka Ramadhani. Baba yangu alikuja akakaa chini kusikiliza. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuyasikia maisha ya baba yake.

Mimi sijui kama Kuli imenijenga. Ninalolijua ni kwamba lau si kitabu kile, babu angelikwenda na maneno yake kaburini, na sisi tungelibaki tunasema kwamba alikuwa mtu mkimya.

Mwalimu wa Kiswahili, Wete

Nawashukuru nyote, na nawaomba radhi kwa kukaa kimya takriban wiki tatu. Nilitaka nirudi nikiwa na jambo la kusema.

Mzee wangu wa Mtambwe, nilifanya ulivyonielekeza. Nilikwenda nyumbani kwa yule baba, nikamweleza habari ya binti kusoma kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana, na nyumba ni yake, nikanyamaza. Ila nilipokuwa nataka kuondoka, mkewe alinisindikiza mpaka njiani, akanambia kwamba wao wanawake hukaa kusuka ukili wa mikeka kila siku baada ya alasiri, na pale hapana mwanamume anayekuja. Sikujibu kitu, na yeye hakusema zaidi. Wiki iliyopita binti alinijia kuomba kitabu chengine, na akaniomba kisiwe na maandishi madogo, kwa sababu sasa wanasoma kwa zamu na shangazi yake macho hayamsaidii. Dada yangu mkunga, nilikukumbuka, nikampa viwili: kimoja cha ukilini na kimoja cha kusoma peke yake.

Kaka seremala, wewe umenifanya nikose usingizi. Ni kweli kwamba nilitaka kumwahidi yule mzazi tabia njema, kwa sababu ndiyo bidhaa anayoitaka, na sina haki ya kuiuza. Nimeamua kwamba sitaiahidi tena kwa mzazi yeyote.

Badala yake nimeanza jambo darasani. Kila Jumatano dakika ishirini za mwisho nawasomea wanafunzi riwaya isiyokuwemo katika mtihani, na sharti langu ni kwamba hapana daftari, hapana maswali ya mwishoni, na anayetaka kulala alale. Nimeanza na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo, mzaliwa wa Unguja, kupewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Nilihofia kwamba watoto wataiona nzito. Hadithi inaanza na Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye mara kwa mara huja kwao mgeni tajiri anayeitwa Ami Aziz, na kila anapoondoka humpa sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa kwamba atasafiri pamoja na ami yake. Hajui kwamba baba yake ana deni, na kwamba yeye ndiye rehani. Anafika dukani kwa tajiri yule, anamkuta kijana Khalil, na Khalil ndiye anayemfungua macho kwamba asijidanganye, yule bwana si ami yake.

Nilipofika hapo, darasa lilikuwa kimya kuliko nilivyolizoea. Yuko mvulana mmoja anayekaa karibu na dirisha, mtoto mwenye akili, anayesinzia kila siku saa za mchana. Anakaa kwa mtu mwenye duka, na miaka yote mitatu niliyomsomesha nimekuwa nikiandika katika ripoti yake kwamba apunguze uvivu. Aliinua kichwa, akasema kwa sauti ndogo, pasipo kuulizwa na mtu, "Mimi pia namwita ami."

Wenzake hawakucheka. Kengele ikalia, wakatoka, yeye akabaki amekaa. Akaniuliza kama huyu Yusuf mwisho wake anarudi kwao. Nilimwambia kwamba hilo sitamwambia, nikakifunga kitabu, nikampa. Alikitia ndani ya shati, si ndani ya mkoba, akatoka.

Leo ni siku ya kumi, na bado hajakirejesha. Jumatano iliyopita niliwasomea kitabu chengine.